Kadi Isiposomeka katika Kompyuta ya Zamani

Maandishi ya mada kwa wakazi wa kata kuhusu matumizi ya kompyuta za mezani katika ofisi za vijiji, shule na maduka ya steshenari



Achukuliwe mwananchi ambaye shamba lake limepakana na la jirani kwa mstari wa minyaa. Mwaka jana alipiga picha za mpaka huo kwa simu, minyaa ikiwa bado imesimama. Mwaka huu minyaa imeng'olewa, trekta limepita, na shauri limefika Baraza la Kata. Picha zimo ndani ya kadi ya kumbukumbu, ile ambayo watu huiita memori kadi, nayo ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mwananchi huyo anaingia steshenari ili picha zichapwe. Mhudumu anaitia kadi katika adapta, kisha anaichomeka kwenye tundu lililo mbele ya kompyuta ya mezani ya miaka mingi. Kioo kinatoa maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba diski hii haijafomatiwa. Je, ifomatiwe sasa? Chini yake viko vitufe viwili, cha kukubali na cha kukataa. Foleni ni ndefu, umeme haueleweki, na mhudumu anabonyeza cha kukubali.

Minyaa ile haiwezi kupigwa picha mara ya pili. Mada hii inahusu dakika hiyo moja, na mambo ambayo mhudumu na mwenye kadi wangeweza kuyafanya kabla ya kidole kugusa kitufe.

Kompyuta inaposema kwamba kadi haijafomatiwa, haisemi kwamba kadi imekufa, wala haisemi kwamba kadi haina kitu. Inasema tu kwamba yenyewe haielewi kilichomo. Mgeni asiyejua Kiswahili akipewa barua ya Kiswahili hawezi kuisoma, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayempa ruhusa ya kuifuta barua hiyo ili karatasi iandikwe upya kwa lugha yake. Kufomati ni kufuta huko. Kwa kadi yenye kitu cha thamani, jibu la swali lile ni hapana, hata kama kompyuta itauliza mara kumi.

Kutoelewana huko mara nyingi ni suala la umri. Kompyuta nyingi za mezani zinazotumika vijijini ziliingia nchini zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, na baadhi yake zilitengenezwa kabla kadi za leo hazijabuniwa. Kadi za aina ya SD zilianzishwa na kampuni tatu, yaani SanDisk, Toshiba na Matsushita, ambayo baadaye ilichukua jina la Panasonic. Chama cha kusimamia viwango vyake kiliundwa mwaka 2000. Kadi za daraja la kwanza zilikomea GB 2. Mwaka 2006 likaja daraja la pili, SDHC, linaloanzia juu ya GB 2 na kufika GB 32. Mwaka 2009 likatangazwa la tatu, SDXC, linalovuka GB 32 na kuweza kufika TB 2. Kadi ndogo za simu hufuata madaraja hayohayo. Kwa umbo hakuna tofauti: kadi ya mwaka 2003 na ya leo huingia katika tundu lilelile bila kukwama, na ndiyo maana watu hudhani kwamba kadi ikiingia, basi imekubaliwa.

Tofauti imo katika namna ya kuhesabu anwani. Ndani ya kadi ya daraja la kwanza, kila baiti moja ina anwani yake, na namba ya anwani ina nafasi 32 tu za biti, hivyo hesabu haiwezi kupita baiti 4,294,967,296, ambazo ni GB 4. Waliobuni SDHC waliacha kuhesabu baiti mojamoja, wakahesabu kwa mafungu ya baiti 512. Ni kama wale waliobandika vibao wakati wa Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 wangeamua kuweka namba kwenye kila chumba badala ya kila nyumba. Namba zingekwisha kabla ya kijiji kwisha. Kisoma kadi cha kabla ya mwaka 2006 kinajua kuhesabu vyumba tu. Kikipewa kadi ya nyumba, ama hukaa kimya, ama hudai kwamba hakuna kadi iliyoingizwa. Kwa kawaida ugonjwa huo hauponi kwa kusafisha, wala kwa kuzima na kuwasha, wala kwa fundi kupewa kompyuta alale nayo siku tatu. Dawa yake ni kisoma kadi kipya cha nje, kile kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Kilichotengenezwa kwa ajili ya SDXC husoma madaraja yaliyotangulia pia, kwa hiyo ofisi haihitaji kununua viwili.

Hata hivyo kisoma kipya hakimalizi kila kitu, na hapa ndipo wahudumu wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa wamekwisha kutumia fedha na swali lile bado linatokea. Baada ya kisoma kadi kuna mfumo endeshi wa kompyuta wenyewe. Kadi za SDHC hupangwa kwa utaratibu wa mafaili uitwao FAT32, ambao Windows XP ya mwaka 2001 inaufahamu vizuri. Kadi za SDXC hutoka kiwandani zikiwa na utaratibu mwingine, exFAT, na XP haikuzaliwa na elimu hiyo. Microsoft ilitoa nyongeza ya kuifundisha XP mwaka 2009, lakini kompyuta ambayo haikuwahi kuwekewa nyongeza hiyo itaendelea kuiona kadi nzima kama jani tupu. Windows 7 inaifahamu exFAT tangu mwanzo. Kwa hiyo kadi ileile, kisoma kilekile, na picha zilezile za minyaa, huonekana zote katika kompyuta ya chumba cha pili na zisionekane hata moja katika kompyuta ya mapokezi.

Ndiyo maana swali la kwanza la mhudumu kwa mwenye kadi lingefaa kuwa: hii ni ya GB ngapi? Namba imechapwa juu ya kadi yenyewe, na kando yake huwa kuna alama ya HC au XC. Kadi ya GB 64 au GB 128 ikikutana na XP, kwanza ishukiwe kompyuta.

Iko njia ya kuupita ukuta huo bila kununua chochote, nayo husahaulika mno. Kamera ikiunganishwa na kompyuta kwa waya wake yenyewe, kadi ikiwa imebaki ndani ya kamera, kompyuta haihitaji kuufahamu utaratibu wa mafaili uliomo. Kamera ndiyo inayoisoma kadi, kisha inaikabidhi kompyuta picha mojamoja. Simu nyingi za kisasa hufanya kazi kwa namna hiyohiyo, ingawa XP huweza kuhitaji programu ya nyongeza ili kuzungumza nazo. Mwananchi aliyekuja na kadi mkononi na simu mfukoni amebeba kisoma kadi kizuri kuliko kile kilichomo dukani, ila tu hakuna aliyemwambia.

Kabla kadi haijaingia katika tundu lolote la kompyuta ya watu wote, iko tahadhari nyingine isiyogharimu hata senti. Kadi kubwa ya SD, na adapta inayobeba kadi ndogo, vina kijiswichi pembeni. Kikisukumwa kuelekea upande ulioandikwa «Lock», visoma vingi huiheshimu alama hiyo na kukataa kuandika chochote ndani ya kadi. Kufomati kwa bahati mbaya kunazuiwa, na virusi vya kompyuta ya dukani navyo havipati pa kuingilia. Kusoma na kunakili picha kunaendelea kama kawaida. Watu wengi hukijua kijiswichi hiki kama kero, kwa sababu katika adapta za bei rahisi hulegea na kujifunga chenyewe, halafu kompyuta ikalalamika kwamba kadi imelindwa. Kwa kadi yenye ushahidi wa mpaka wa shamba, kero hiyo ni mlinzi.

Sasa, ikiwa ukubwa wa kadi si tatizo, na bado haisomeki, kinachotakiwa ni kumtafuta mwenye kosa kati ya kadi, adapta, kisoma na kompyuta. Utafutaji huu hauhitaji utaalamu, unahitaji kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kadi irudishwe katika simu ilikotoka. Picha zikionekana humo, kadi ni nzima, na zinakiliwe papo hapo mahali pengine kabla ya majaribio zaidi. Halafu ijaribiwe adapta nyingine, maana adapta ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote na ndiyo inayolaumiwa mwisho. Kisha kisoma chenyewe kipimwe kwa kadi nyingine inayojulikana kuwa nzima, ya GB 2 ikiwezekana, kwa sababu daraja hilo husomwa na visoma vya kale na vipya. Ofisi yenye kadi moja ya namna hiyo ndani ya droo, isiyo na kitu cha maana ndani yake, inaweza kujua kwa nusu dakika kama kisoma chake ni kizima. Bila kipimo hicho watu hubaki kukisia, na makisio mara nyingi humwangukia mwenye kadi.

Likija suala la uchafu, vumbi la barabara zisizo na lami huingia katika matundu hayo bila kubisha hodi. Vijisahani vya rangi ya dhahabu vilivyo mgongoni mwa kadi vifutwe kwa kitambaa laini kikavu, au kilichoguswa kidogo na spiriti, na viachwe vikauke. Kupuliza kwa mdomo ndani ya tundu ni mazoea mabaya: pumzi ina unyevu, na unyevu ukikutana na vumbi huwa tope dogo. Katika matundu mapana ya kadi za zamani za CompactFlash kuna pini 50 nyembamba. Kadi ikilazimishwa kwa upande usio wake pini moja hupinda, na pini moja iliyopinda inatosha kulifisha tundu zima, na hata kuharibu kompyuta ikiwa itagusana na jirani yake. Tochi ya simu ikimulikwa ndani huonyesha jambo hilo mara moja.

Kisoma kilichojengwa ndani ya kompyuta ya mezani kina maradhi yake ya pekee. Wengi hawajui kwamba kwa nyuma yake, ndani ya kasha, kimeunganishwa kwa waya mwembamba unaofika kwenye bodi kuu, ambayo mafundi huiita mazabodi, na kwamba waya huo ni wa USB sawa na wa nje. Mwisho wake huvikwa kwenye pini tisa zilizopangwa safu mbili, safu moja ikiwa na pengo la makusudi ili waya usigeuzwe. Kompyuta iliyosafiri juu ya lori, au iliyohamishwa kutoka ofisi moja kwenda nyingine kwa pikipiki, huenda waya huo umechomoka. Dalili yake ni kwamba hata kile kitaa kidogo cha kisoma hakiwaki, na kompyuta haionyeshi tundu lolote. Kabla kasha halijafunguliwa, kompyuta izimwe, waya wa umeme uchomolewe ukutani, kitufe cha kuwashia kibonyezwe mara moja ili chaji iliyobaki iishe, na mkono uguse kwanza chuma cha kasha. Kurudisha waya ni kazi ya dakika chache. Kumtafuta aliyeuchomoa ni kazi ya mwezi, na haifai kuanzishwa.

Kuna hitilafu nyingine ambayo huwatoa watu jasho ingawa hakuna kilichoharibika. Kisoma chenye matundu manne hujitwalia herufi nne za diski, moja kwa kila tundu. Katika Windows XP hutokea kwamba herufi iliyopewa tundu la kadi ni ileile iliyokwisha kupewa diski ya mtandao wa ofisi. Hapo kadi huingia, kitaa huwaka, na kioo hakionyeshi kitu, kwa kuwa diski ya mtandao imekaa juu ya jina hilo. Mhudumu abonyeze kwa pamoja kitufe cha alama ya Windows na herufi R, aandike diskmgmt.msc, kisha abonyeze kitufe cha kuingiza. Orodha ya diski zote itafunguka, ya kadi ikiwemo. Akiibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya ataona nafasi ya kubadilisha herufi, na herufi ya mbali, kama vile T au W, humaliza ugomvi. Awe mwangalifu tu, kwa sababu katika orodha hiyohiyo, mstari mmoja au miwili pembeni, kipo kile kitufe cha kufomati. Katika Windows 7 hali ni ya namna nyingine: matundu yasiyo na kadi hufichwa kabisa, hivyo mtu huona kisoma kama kimetoweka, na kumbe kinasubiri kadi iingizwe.

Kuhusu draiva, linatosha neno moja. Kuanzia Windows XP, visoma vingi vya USB havihitaji draiva ya kutafutwa. Mfumo unayo tayari. Mhudumu anayehangaika katika intaneti akitafuta draiva ya kisoma kadi cha kompyuta ya zamani ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi na virusi kuliko kurudi na dawa. XP iliachwa kupewa masahihisho ya usalama na Microsoft mwezi Aprili 2014, na Windows 7 mwezi Januari 2020, kwa hiyo mashine hizi haziwezi kujikinga na kila kinachopakuliwa. Fundi mwangalifu huziacha zifanye kazi ya kuchapa na kusoma kadi, na shughuli za intaneti huzipeleka kwingine.

Yabaki mambo mawili ambayo kosa lake haliko kwa kompyuta. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu kadhaa humpa mwenye nayo nafasi ya kuigeuza kadi kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani ya simu. Kadi ikigeuzwa hivyo, hufungwa kwa ufunguo wa siri unaokaa ndani ya simu ileile, na hakuna kompyuta duniani itakayoisoma, iwe ya zamani au mpya. Itauliza tu kama ifomatiwe. Picha za kadi hiyo hutolewa kupitia simu yenyewe; na simu hiyo ikifutwa yote na kurudishwa katika hali ya kiwandani, ufunguo umepotea na picha nazo. Mwenye simu ajue kadi yake iko katika hali gani kabla hajampa fundi simu «aifleshi».

La pili ni kadi bandia. Ziko kadi zilizoandikwa GB 64 huku ndani zikiwa na nafasi ya GB chache, na zimefundishwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Hupokea picha bila kulalamika mpaka nafasi ya kweli ijae, na kuanzia hapo majina ya mafaili huonekana lakini picha hazifunguki, au hufunguka nusu juu na nusu ya chini ikiwa kijivu. Kompyuta ya zamani haina hatia katika hilo. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza kadi mpya na kuisoma yote tena ili kupima ukweli wa maandishi yake, na mahali pa kufanya kipimo hicho ni siku ya kununua, kabla ya picha ya kwanza kuwekwa.

Na ikiwa kitufe kimekwisha kubonyezwa? Hapo mambo hutegemea kilichofanyika baadaye. Kufomati kwa haraka hufuta orodha ya mafaili tu, na picha zenyewe hubaki mahali pake mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kufomati kamili, kuanzia Windows Vista na kuendelea, huandika sifuri juu ya kadi nzima, na baada ya hapo hakuna kinachorudi. Kwa hiyo kadi iliyofomatiwa kwa haraka itolewe mara moja, isirudishwe katika simu, isipigiwe picha hata moja ya kujaribu, na isikopeshwe kwa mtu wa nyimbo. Iko programu ya bure iitwayo PhotoRec ambayo hupita ndani ya kadi ikitafuta picha kwa alama zake, bila kutegemea orodha iliyofutwa. Majina ya awali ya mafaili kwa kawaida hayarudi, bali picha hurudi. Sharti lake ni moja: zinazookolewa zihifadhiwe katika diski nyingine, kamwe zisihifadhiwe katika kadi ileile inayookolewa. Na kompyuta inayofanya kazi hiyo iwe na kisoma kinacholijua daraja la kadi hiyo, kwa maana kisoma cha nyumba kwa kadi ya nyumba.

Fundi mwenye programu hiyo asipopatikana siku hiyohiyo, kadi itiwe katika bahasha kavu, iandikwe jina la mwenyewe, tarehe na neno «imefomatiwa», na isichomekwe popote mpaka apatikane.